Damu Ilitangulia Kusema

Jumatano, 12 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya masika imetukuta njiani, tumeshaipita Rongo tukielekea Homa Bay. Mama alishusha kioo cha pikapu akatoa mkono nje, akaurudisha upesi. Tangu aanze dawa, kitu chochote cha baridi humchoma vidole. Aliupangusa kwenye leso akasema, "Mvua nzuri," halafu akamwuliza kaka yangu Mayaka, aliyekuwa akiendesha, kama shamba la chini limepigwa haro.

Naandika kwa sababu siku zimeanza kunichanganyikia kichwani, na hizi sitaki zinipotee. Mama yangu anaitwa Bitutu, muuza mbegu katika soko la Migori. Januari alipasuliwa, akatolewa uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Walipoangalia zaidi wakakuta ugonjwa umeshafika kwenye ini. Daktari Okari alitueleza kwa Kiswahili, akamrudia Mama kwa Ekegusii, lugha yetu, ili asikose neno: atatiwa dawa kwa dripu kila wiki ya pili, na uvimbe wa ini ukinywea, kuna mpasuaji anayeweza kuutoa. "Na usiponywea," akaanza. Hakuimalizia sentensi, nami sikumwomba aimalizie.

Leo kabla ya dripu alikuja msichana mrefu, Terry Omondi, mzaliwa wa Rusinga, anayesomea uzamifu hapo kliniki. Anaomba damu ya wagonjwa wa utumbo kabla ya kila dawa, kwa utafiti. Nilimwuliza inamsaidia nini mama yangu.

"Kwa sasa, Mwalimu, pengine haimsaidii yeye," akasema. "Inaweza kusaidia watakaokuja."

Jibu hilo halikunipendeza. Mama alimnyoshea mkono atolewe damu. Terry akamwuliza kama angetaka kuambiwa iwapo kitaonekana kitu chochote kwenye damu hiyo.

"Unaniulizaje kama nataka kujua kilichomo tumboni mwangu?" Mama akasema. "Niambie."

Nje, Mayaka alisema yule ni mbu mwenye digrii. Nilicheka. Si mara nyingi nacheka na Mayaka. Anauza vitunguu vya kutoka ng'ambo ya mpaka wa Isebania, na huongea na kila mtu kama anayeita wateja.

Ijumaa, 14 Machi

Ametapika siku nzima.

Jumapili, 16 Machi

Ameamka akadai apelekwe shambani. Tulimkalisha juu ya mtungi uliofunikwa kifudifudi, akawa anatusimamia. Nilichimba shimo la kwanza, akaniita.

"Mwalimu, hapo unapanda maharagwe ama unazika mtu?"

Nimefundisha biolojia miaka mingi. Kupanda bado ananifundisha yeye.

Jumatano, 26 Machi

Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo nilimfuata Terry hadi maabara yake, chumba kidogo nyuma ya kliniki. Nilitaka kujua damu ya mama yangu inafanyiwa nini. Kumbe alikuwa akingoja mtu amwulize.

Wanafunzi wangu nawaambia jeni hutoa nakala ya RNA, na nakala hiyo ndiyo amri inayopelekwa kutengeneza protini. Hapo kitabu chetu kinaishia. Terry anasema kuna RNA nyingine, vijipande vifupi mno vinavyoitwa mikro-RNA, ambavyo havitengenezi kitu. Kazi yavyo ni kunyamazisha. Kijipande kinaishika nakala fulani, na amri ile haitekelezwi tena. Katika mwili wenye afya hii ni nidhamu tu. Katika saratani ya utumbo, vingine hupungua vilipohitajika, na vingine huzidi kupita kiasi. Kimoja anachokifuatilia sana kinaitwa miR-21. Kikizidi, hunyamazisha zile jeni zilizopaswa kuizuia seli kuzaana ovyo, na hata zile zinazoiambia ijiue dawa inapoigonga. Dawa inafika, lakini seli haisikii.

"Na hivyo vijipande huvuja kwenye damu," akasema. "Haviozi haraka. Unaweza kuvipima bila kumpasua mtu."

Njiani nilimweleza Mama. Alifikiri kidogo.

"Ni kama kikao cha ukoo," akasema. "Mwenye maneno ya maana anaambiwa anyamaze, na ng'ombe wanauzwa."

Jumatano, 9 Aprili

Shule zimefungwa, nina nafasi. Mama anakula! Jana alimaliza ugali na kunde, akaomba ndizi. Wanawake wa kanisa walikuja Sabato iliyopita wakamkuta akiimba jikoni. Mayaka anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Leo nimejua kwa nini. Chini ya kitanda cha Mama nilikuta chupa ya dawa ya miti, nyeusi, aliyomletea Mayaka kutoka kwa mganga wa mpakani. Niliimwaga chooni mbele ya Mayaka. Tuligombana hadi majirani wakatoka.

"Amepona na hiyo," Mayaka akasema. "Wewe unamwaga uhai wa mama kwa sababu ulisoma."

"Ungemwua ini."

Baada ya Mayaka kuondoka na pikapu yake, Mama aliniita. "Sikuinywa hata tone. Inanuka kama soksi. Niliiweka tu asivunjike moyo." Akanitazama sana. "Nyinyi wawili mnapigana juu yangu kama mimi ni shamba."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Mahindi yametoka vizuri. Daktari Okari amepiga simu: twende wiki ijayo mapema asubuhi, kuna jambo. Hakusema ni lipi.

Jumatano, 23 Aprili

Daktari Okari alikuwa na Terry ofisini. Terry hakuwa na sindano, na nilipoona mikono yake mitupu nikaogopa.

Daktari alisema kipimo cha kawaida cha damu hakionyeshi lolote la kutisha. Kimesimama pale pale. Mama anaonekana vizuri. Kwa utaratibu, skani ingengoja hadi mwisho wa Mei. Ila kipimo cha Terry kinasema vingine. Wagonjwa wengine wanaoendelea vizuri, miR-21 yao imeanza kushuka. Ya Mama imepanda, na mara ya mwisho ikapanda tena.

"Mama Mayaka," Terry akasema, "uliniambia nikuambie. Nilirudia kipimo kwanza. Nilitamani niwe nimekosea. Kisha nikaenda kwa kamati ya utafiti, wakaniruhusu kumwambia daktari."

"Inamaanisha dawa haifanyi kazi?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Inamaanisha tusingoje."

Daktari Okari akaongeza kwamba kipimo hicho hakijathibitishwa, na hawezi kubadilisha dawa ya mtu kwa sababu yake peke yake. "Lakini ni sababu tosha ya kupiga picha leo badala ya Mei."

Nilikasirika, na kuandika haya hakujanituliza bado. Mama alikuwa akiimba. Tulikuwa na wiki tatu za furaha, ndipo akaja mtu na mashine yake akatuambia furaha yetu haina mizizi. Nilimwambia Terry kwamba yeye anatafuta cheti na sisi tunatafuta mama. Mama ndiye aliyenijibu, kwa Ekegusii, kwamba ninyamaze, kisha akavua bangili zake akanipa nimshikie, akaenda kupigwa picha.

Ijumaa, 25 Aprili

Terry hakukosea.

Uvimbe kwenye ini umekua. Mmoja umekaribia mshipa mkubwa. Ukiufikia, hakuna mpasuaji atakayeugusa. Daktari Okari alituonyesha kwenye kioo, picha ya Februari na picha ya juzi. Hata Mayaka aliona. Dawa tuliyokuwa tukiishukuru ilikuwa ikipita tu kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Daktari alisema kama tungengoja mpaka Mei, pengine mlango wa upasuaji ungekuwa umefungwa. Bado haujafungwa. Kuna dawa nyingine, kali zaidi, inayoigonga seli kwa njia tofauti. Anataka aianze Jumatano.

Nyumbani tulikaa sebuleni, sisi watatu, mvua ikipiga mabati mpaka ikabidi tuinue sauti. Mayaka alisema basi. Kama ya kwanza imeshindwa, ya pili ni kumtesa. Amchukue akapumzike kwake, ale anachotaka.

Nilimwita mwoga. Neno hilo lilimfanya asimame.

"Baba alipokuwa wodini ulikuwa wapi, Rael?" akauliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ulikuwa chuo. Nani alikaa naye? Alifungwa mipira huku na huku, na kila daktari aliyepita alisema tuongeze hii, tuongeze ile. Aliniomba nimtoe. Nilikuwa kijana, sikujua kumtoa. Alifia pale akiniangalia."

Sikuwa nalijua hilo. Nilijua tu kwamba Mayaka alikuwapo. Miaka yote nimechukulia kelele zake kuwa ujinga, kumbe ni mtu anayeongea ili asisikie wodi ile.

Mama alikuwa akichambua mbegu za sukuma kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Baba yenu hakuambiwa kitu," akasema. "Walimwongezea dawa bila kujua kama inafanya kazi. Mimi nimeambiwa. Dawa ya kwanza imekataa, na imekataa mapema, kabla sijaisha. Hiyo si habari mbaya. Mbegu ikikataa kuota wiki ya kwanza, mtu hupanda nyingine na mvua bado ipo." Akapuliza makapi. "Jumatano nitaenda. Mayaka utanipeleka. Rael atakaa nyuma, amezoea kuongea sana mbele."

Mayaka alikaa chini. Baadaye nilimpelekea chai, akaipokea.

Jumatano, 30 Aprili

Shule zimefunguliwa juzi, nimeomba ruhusa. Mvua haikukatika. Karibu na Rongo mto ulikuwa umepanda barabarani na magari yalikuwa yakigeuka. Mimi nilisema turudi. Mayaka alimtazama Mama aliyekaa kando yake, akageuza, akapitia njia ya Ndhiwa.

Tulizama matopeni katikati ya mashamba ya miwa. Mayaka alivua viatu na shati. Aliwaita wakata miwa kwa ile sauti yake ya sokoni, kwa Dholuo cha kuvunjikavunjika, akawachekesha kwanza, na wote wakaja. Waliisukuma pikapu karibu wainyanyue, Mama akiwa ndani ameketi wima kama bibi arusi. Mwanamke mmoja alimpa kipande cha muwa kupitia dirishani.

Tulifika wakati wauguzi wanataka kufunga orodha ya leo. Mayaka aliingia amejaa tope hadi kiunoni. Terry alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amewaomba wasifunge. Hakunisalimu kwa unyonge wala kwa kiburi. Alisema tu, "Shikamoo Mama Mayaka, kiti chako kiko tayari."

Mayaka alikaa kando ya dripu ile mpaka ikaisha. Alimwuliza kila muuguzi aliyepita anaweka nini, na ni ya nini. Nilifikiri watamfukuza, lakini mmoja alivuta kiti akamweleza yote.

Nilimwomba Terry msamaha kabla hatujaondoka. Akasema alishasahau. Si kweli, lakini nilishukuru.

Jumamosi, 3 Mei

Sabato. Hakwenda kanisani. Tumbo linamwendesha vibaya, ila daktari alituonya na dawa yake ilikuwa tayari.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa nikifundisha kidato cha nne jenetiki. Msichana mmoja aliuliza, kama kila seli ina jeni zote, kwa nini seli ya ini haiwi jicho. Kitabu kinajibu kwa mstari mmoja. Nilifunga kitabu nikawaambia juu ya vijipande vinavyonyamazisha. Kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Jumatano, 14 Mei

Nywele zinatoka. Mama amezikusanya akasema ndege watajengea.

Jumatano, 28 Mei

Terry alitujia nje, chini ya paa la kungojea, akijaribu kutembea polepole.

"Imeshuka," akasema.

Mayaka aliuliza imeshuka kiasi gani. Terry akasema kiasi cha kuonekana, na kwamba tusiseme neno mpaka picha. Daktari Okari naye akatoka akasema namba moja haitoshi kupiga vigelegele. Mama aliwasikiliza wote wawili.

"Ile iliyopanda mliiamini," akasema, "hii iliyoshuka mnaiogopa?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Jumatano, 11 Juni

Imeshuka tena. Mvua imepungua. Mahindi yamenizidi kimo.

Jumapili, 22 Juni

Mama amechoka sana wiki hii na ameniambia hataki dawa tena. Nilitegemea Mayaka aseme, haya, tuache. Badala yake alimchukua kwa pikapu hadi sokoni, akamkalisha kwenye kibanda chake cha mbegu. Wateja walimjia mmoja mmoja, wakitaka awachagulie mbegu kwa mkono wake. Alirudi amechoka zaidi, akauliza Jumatano ni lini.

Jumatano, 2 Julai

Picha mpya. Daktari Okari aliiweka kando ya ile ya Aprili, akavuta kiti chake nyuma ili tuone wenyewe bila kuambiwa.

Uvimbe mmoja umepotea. Mwingine umebaki mdogo kama punje. Ule wa karibu na mshipa umejikunja ukauacha mshipa peke yake. Mpasuaji wa Kisumu ameshaziona picha hizo na amesema neno moja, aletwe.

Mayaka alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta ameegemea pikapu, analia waziwazi mbele ya watu, wala hajifichi. Tulishikana. Sijamshika kaka yangu hivyo tangu tukiwa watoto.

Nilipita maabara. Terry alikuwa ameinama kwenye vichupa vyake. Nilimwambia mlango wa upasuaji bado uko wazi. Alifunika kichupa alichokishika, akakirudisha mahali pake.

"Mgonjwa mmoja si ushahidi, Mwalimu," akasema mwishowe. "Nahitaji wengi. Lakini huyu mmoja nimefurahi naye."

Jumanne, 22 Julai

Kisumu. Ameingia asubuhi. Mayaka na mimi tulikaa benchi moja, akaongea bila kukoma kuhusu bei ya vitunguu na mimi nikamshukuru Mungu kwa kila neno. Mchana mpasuaji alitoka. Wametoa uvimbe wote waliouona. Ini lililobaki ni zima.

Ijumaa, 1 Agosti

Jibu la maabara: kingo zote za nyama iliyokatwa ni safi, hazina saratani. Daktari Okari alilisoma kwa simu mara mbili, mara ya pili kwa Ekegusii. Mama alisema, "Mbuya mono," vizuri sana, kama mtu aliyeletewa maji, akageukia ukutani. Muda mfupi baadaye nikamsikia anaimba.

Jumanne, 19 Agosti

Tumevuna. Wanawake wa kanisa wote walikuja. Mama alikatazwa kuinua kitu, akainua sauti.

Jumapili, 31 Agosti

Mama alisema hawezi kumshukuru mtoto bila kumshukuru aliyemzaa. Kwa hiyo leo Mayaka alitupeleka Mbita, tukavuka daraja hadi Rusinga, nyuma ya pikapu kukiwa na mikungu miwili ya ndizi, debe la mahindi mapya na jogoo aliyepigana na kamba njia nzima. Terry hakujua. Nilikuwa nimepata maelekezo kwa muuguzi.

Boma lao liko kwenye mteremko unaotazama ziwa. Mama yake Terry alikuwa akianika omena kwenye wavu. Aliona pikapu ngeni na watu asiowafahamu, akafikiri tumeleta msiba. Alipoelewa kwamba sivyo, alituvutia viti, akaagiza soda, akamwita Terry, aliyekuwa likizo, kutoka nyuma ya nyumba. Terry alitokea na mikono yenye unga, akasimama pale pale.

Mama alisimama pia. Kitambaa kilikuwa kichwani na nywele mpya zimeanza kuchungulia chini yake. Alitaka kusema kwa Kiswahili, akisaka maneno.

Mama yake Terry alimtangulia. Alisema amefurahi kupata wageni wanaomjua bintiye, maana hapa kisiwani watu humtania. Wanasema mtoto wa Omondi amesoma mpaka shule zikaisha, anaitwa daktari, lakini hakuna aliyewahi kuona mtu aliyetibiwa naye. Kazi yake ni damu kwenye vichupa. "Hata mimi huulizwa sokoni," akasema, akicheka, lakini macho yake hayakuwa yakicheka sana. "Daktari huyu wako, mgonjwa wake ni nani?"

Mama aliweka mkono wake tumboni, juu ya kovu.

"Ni mimi," akasema.